Gorogoro na Mtihani

Msomaji, ukipata nafasi ya kusafiri katika Kaunti ya Homa Bay, shuka Rodi Kopany siku ya soko. Hapo ni njia panda: barabara itokayo mji wa Homa Bay kwenda Rongo, katika Kaunti ya Migori, huipokea ile itokayo Ndhiwa, na watu, mifugo na mizigo hukutana. Usiende kwanza penye ng'ombe. Nenda penye mahindi na maharagwe, usimame kando ya mama anayenunua, utazame. Mwuzaji huchota nafaka kwa gorogoro, yaani mkebe wa bati uliokuwa wa mafuta ya kupikia, ambao ukijaa mahindi huchukua yapata kilo 2. Kabla ya kutoa fedha yake, mnunuzi mwenye busara hukipapasa kitako cha mkebe. Kwa nini? Kwa sababu wako wauzaji wanaokibonyeza kitako kuingia ndani, mkebe ukaonekana umejaa kumbe umepungua. Mama huyo hakatai gorogoro. Ajua kwamba soko halifanyiki bila ya kipimo. Analotaka ni kujua kama kipimo chenyewe ni kizima.

Shule nazo zina gorogoro yao. Huitwa mtihani, au muhtasari wa masomo, au kiwango cha elimu, na kwayo hupimwa mtoto, mwalimu na shule nzima. Katika insha hii nataka mimi na wewe tukipapase kitako cha kipimo hicho. Tutaangalia somo moja tu, hesabu ya shule ya msingi nchini Kenya, tangu zama za ukoloni hata leo. Tutaona ya kuwa kila kipimo kilipogeuka, hesabu waliyofundishwa watoto iligeuka nayo. Na tutauliza kila mara ni nini kilichopatikana na ni nini kilichopotea.

Kwanza ondoa katika fikira zako dhana kwamba hesabu ililetwa na shule. Wajaluo, ambao ndio wengi katika sehemu hizi, walihesabu mifugo, siku na mavuno kabla ya ubao na chaki kujulikana. Mchezo wa ajua, ambao ni ndugu wa bao la pwani, uliwafundisha vijana kukadiria kete kwa jicho na kufikiri hatua za mbele. Lugha yao yenyewe ni mwalimu wa hesabu. Katika Dholuo, 1 ni achiel, 2 ni ariyo, 5 ni abich, na 10 ni apar. Sasa sikiliza 7: abiriyo. Ndani yake waweza kusikia tano na mbili zikishikana mikono, kama mtu anyoshaye vidole vyote vya mkono mmoja na viwili vya mkono wa pili. 11 ni apar gachiel, yaani kumi na moja. 20 ni piero ariyo, yaani makumi mawili. Mtoto asemaye piero ariyo amekwisha kuambiwa na mama yake jambo ambalo mwalimu wa darasa la 1 hutaabika kulieleza: kwamba ile 2 iliyo katika 20 si mbili za kawaida, bali ni makumi mawili. Liweke jambo hili moyoni, kwani tutalirudia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari walifika na shule zao. Waadventista walijenga Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Wakatoliki nao walifanya makao Asumbi, si mbali na Rodi Kopany, ambako hata leo kuna chuo cha walimu. Shule hizo zilifundisha dini, kusoma, kuandika na kuhesabu. Hesabu ilichaguliwa kwa kuangalia kazi iliyokuwa ikimngoja kijana: ukarani, duka, ghala, uandishi wa kodi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na serikali ya kikoloni ilihitaji watu wa kushika daftari hizo.

Sasa twende katika miaka ya 1950, ambapo kipimo kilikuwa mlango mwembamba sana. Taarifa ya Beecher ya mwaka 1949 iliikata elimu ya Waafrika katika vipande vitatu: miaka 4 ya shule ya chini, miaka 4 ya shule ya kati na miaka 4 ya sekondari. Palikuwa na mtihani wa kuchuja mwisho wa mwaka wa 4, na mtihani mwingine mwisho wa mwaka wa 8, uliojulikana kwa herufi zake, KAPE. Nafasi zilikuwa chache mno, na watoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walisoma katika shule za mbalimbali. Mtihani basi haukuwekwa ili kujua mtoto ameelewa nini. Uliwekwa ili kupata wa kuachwa nje. Na kipimo cha namna hiyo hupenda maswali ya aina moja: marefu, yenye mitego, yatakayo upesi na usahihi.

Vipimo vya Kiingereza vilifaa sana kwa kazi hiyo. Futi moja ilikuwa inchi 12, yadi moja futi 3, maili moja yadi 1,760, tani moja ratili 2,240. Mtoto akiulizwa maili moja ina inchi ngapi, hana budi kuzidisha 1,760 kwa 3, akapata futi 5,280, kisha kuzidisha kwa 12, akapata inchi 63,360. Fikiri, msomaji, ni siku ngapi za utoto zilizotumika kukariri namba hizo, ambazo hazina uhusiano na vidole vya mtu wala na piero ariyo. Fedha peke yake ndiyo iliyokuwa nyepesi, kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 1921, iligawanywa kwa senti 100. Mtoto aliyekosea ratili na yadi alirudi nyumbani akiwa bado mdogo, naye aghalabu aliamini maisha yake yote kwamba hana akili ya hesabu. Huenda akili alikuwa nayo. Alichokosa ni kumbukumbu ya desturi za Waingereza.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Katika mwezi uo huo iliteuliwa tume ya elimu chini ya Profesa Simeon Ominde, mtaalamu wa jiografia, na sehemu ya kwanza ya taarifa yake ikatoka mwaka 1964. Tume ilitaka elimu moja kwa watoto wote wa taifa bila ya kujali rangi, na shule ya msingi ya miaka 7. Mtihani mpya, CPE, ukachukua mahali pa ile ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 nchi ikaacha yadi na ratili, ikashika mita na kilo. Badiliko hili halikupigiwa vigelegele, lakini lilifuta sura nyingi za vitabu vya hesabu kwa pigo moja. Kilomita moja ni mita 1,000, na mita moja ni sentimita 100. Kwa hiyo kilomita moja ni sentimita 100,000, na mtoto huipata kwa kuongeza sifuri tu. Kipimo kilikubaliana na vidole. Hapa twaweza kusema bila kusita kwamba kiwango kipya kilimpunguzia mtoto mzigo usiokuwa na faida. Hata hivyo, desturi haifi upesi: ukiuliza leo ukubwa wa shamba la miwa huko Ndhiwa au Awendo, utajibiwa kwa ekari.

Wakati huohuo upepo mwingine ulikuwa ukivuma kutoka mbali. Tarehe 4 Oktoba 1957 Muungano wa Kisovieti ulirusha angani Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuizunguka dunia. Wamarekani walishtuka, wakajiuliza kama shule zao zimelala. Mwaka 1958 walitunga sheria ya kutoa fedha nyingi kwa elimu ya sayansi na hisabati, na wataalamu wa vyuo vikuu wakaanza kuandika vitabu vipya vya hesabu kwa ajili ya watoto. Ndipo ikazaliwa ile iliyoitwa Hesabu Mpya. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, walikusanyika Entebbe nchini Uganda, kwenye ufuo wa ziwa lilelile ambalo maji yake hufika Homa Bay. Huko, katika mikutano iliyorudiwa mwaka baada ya mwaka, waliandika vitabu vilivyokuja kuitwa vitabu vya Entebbe.

Hesabu Mpya ilikuwa na nia njema. Waliyoianzisha waliona kwamba watoto hukariri bila kuelewa, wakataka waione mifupa iliyo chini ya ngozi ya hesabu. Mtoto alifundishwa seti, mstari wa namba, na kuhesabu kwa mafungu yasiyokuwa ya kumi. Kwa mfano, katika hesabu ya mafungu ya tano, alama 23 haina maana ya ishirini na tatu. Ina maana ya mafungu mawili ya tano pamoja na tatu, yaani 13 ya kawaida. Wazazi wengi waliona jambo hili ni kama uchawi. Lakini wewe, uliyekwisha kusikia abiriyo, waweza kucheka. Katika mafungu ya tano, saba huandikwa 12: fungu moja la tano na mbili. Ndivyo Dholuo isemavyo tangu zamani! Jambo lililoonekana geni kabisa lilikuwa limelala kinywani mwa mtoto mwenyewe.

Kwa nini basi halikuamshwa? Kwanza, kwa sababu walimu wengi wa shule za msingi hawakupewa nafasi ya kutosha ya kujifunza mambo haya kabla ya kuyafundisha. Na mwalimu asiyeelewa sababu ya somo hukimbilia alama zake tu, akawafanya watoto wazikariri kama walivyokariri yadi na ratili. Pili, katika miaka hiyohiyo shule nyingi zilikuwa zikianza kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la 1. Mtoto wa Rodi Kopany alikutana na hesabu ngeni katika lugha ngeni kwa siku moja. Tatu, wazazi hawakuweza kumsaidia mtoto wao wala kuona faida ya kazi yake. Alijua kuchora seti ya maembe ndani ya duara, lakini akitumwa dukani alipunjwa chenji. Malalamiko ya namna hiyo hayakuwa ya Kenya peke yake. Huko Marekani kwenyewe profesa wa hisabati, Morris Kline, alitoa kitabu mwaka 1973 cha kuikosoa Hesabu Mpya. Ilipofika mwanzo wa miaka ya 1980 Kenya iliiacha.

Nataka ulipime jambo hili kwa haki. Walioitupa Hesabu Mpya walikuwa na sababu, lakini waliitupa pamoja na swali lake jema: je, mtoto anaelewa anachofanya?

Mwezi Januari 1985 ulianza mfumo wa 8-4-4, uliotokana na taarifa ya tume ya Mackay ya mwaka 1981. Shule ya msingi ikawa ya miaka 8. Makusudio yalikuwa kumpa kijana elimu ya kujitegemea, hata asipoendelea na sekondari. Kwa hiyo hesabu ilivutwa karibu na maisha. Watoto walifanya hesabu za faida na hasara, za kamisheni na punguzo la bei, za riba, na hata za gharama ya kupeleka barua na vifurushi kwa posta. Mtu angedhani kwamba sasa shule na soko vitaamkiana kama majirani.

Lakini mwisho wa miaka hiyo 8 ulisimama mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Karatasi yake ya hesabu ilikuwa na maswali 50, na kila swali majibu 4 ya kuchagua, moja tu likiwa sahihi. Angalia kipimo hiki kwa makini. Mtu asiyejua lolote, akibahatisha maswali yote, kwa wastani hupata 12 au 13. Na ajuaye vema lakini akateleza katika hatua ya mwisho hupata sifuri kwa swali hilo, sawa na yule asiyejua pa kuanzia. Karatasi haiulizi, "Umefikaje hapo?" Huuliza tu, "Umefika wapi?"

Kipimo cha namna hiyo kilikuwa na faida yake. Kilisahihishwa upesi, na mtoto wa mkulima wa Ndhiwa alipimwa kwa karatasi ileile ya mtoto wa waziri wa Nairobi. Usilidharau jambo hili, kwani watoto wengi wa maskini walipitia mlango huo wakafika mbali. Lakini magazeti yalipochapisha majina ya shule zilizoongoza, na wazazi walipoanza kuzichagua shule kwa orodha hizo, walimu walifanya alilolifanya kila mtu apimwaye kwa kitu kimoja: walikifundisha kitu hicho. Karatasi za miaka iliyopita zikawa kitabu cha masomo. Muhtasari wa masomo uliandika mengi, ila mtihani ndio uliochagua yapi yafundishwe. Kueleza sababu, kukadiria, kubishana juu ya njia mbili za kupata jibu moja, mambo haya yaliachwa, kwa kuwa hayakuwa na alama.

Chukua mfano mmoja mdogo. Mwambie mtoto ajumlishe nusu na thuluthi. Wako wengi watakaojumlisha ya juu kwa ya juu na ya chini kwa ya chini, wakaandika sehemu 2 kwa 5. Sasa mpeleke sokoni. Mimina nusu ya gorogoro ya mahindi katika mfuko, kisha uongeze thuluthi ya gorogoro. Je, mfuko waweza kuwa na chini ya nusu? Haiwezekani, na sehemu 2 kwa 5 ni chini ya nusu. Jibu la kweli ni sehemu 5 kwa 6. Mtoto huyo angeligundua kosa lake kwa macho kama angalikumbuka kwamba namba zile ni vitu. Ila amezoea kwamba hesabu ya shule haina mahindi ndani yake.

Mwaka 2003 Serikali ilifuta karo ya shule za msingi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika muda wa mwaka mmoja. Furaha ilikuwa kubwa, na madarasa yakajaa pomoni. Miaka michache baadaye mradi ulioitwa Uwezo ulituma watu nyumba kwa nyumba, katika wilaya nyingi, kuwapima watoto kwa kazi za kiwango cha darasa la 2. Taarifa zake, zilizoanza kutoka mwaka 2010, zilionyesha kwamba watoto wengi waliokwisha kupanda madarasa ya juu hawakuweza kazi hizo. Kumbe mtoto aweza kuhesabiwa kuwa amefika darasa la 5 na hesabu yenyewe haijafika darasa la 2. Kipimo kilichowekwa mwisho wa njia hakikuona waliopotea mwanzoni.

Mwezi Januari 2019 Kenya ilianza kuutumia mtaala wa umilisi katika madarasa ya mwanzo nchini kote, na mfumo wa 8-4-4 ukaanza kuagwa. Miaka 6 ya shule ya msingi, 3 ya sekondari msingi na 3 ya sekondari ya juu ndiyo mpango wake, baada ya miaka 2 ya shule ya awali. Mtoto wa gredi za chini hufundishwa kwa lugha ya mahali alipo, kwa hiyo achiel, ariyo na adek zaweza tena kuingia darasani kwa heshima. Matendo yametiliwa mkazo: kupima, kupanga, kununua na kuuza kwa mchezo. Badala ya alama peke yake, mwalimu husema kama mtoto amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko chini yake. Tathmini ya kitaifa ya gredi ya 6 ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na ile ya gredi ya 9 mwaka 2025; na kazi za darasani nazo huhesabiwa. Katika mwaka huo wa 2025, baada ya mabishano makubwa, Serikali ilikata shauri kwamba hisabati iwe ya lazima katika sekondari ya juu, kwa namna mbili: moja nzito kwa wanaofuata sayansi, na moja nyepesi kwa wengine.

Je, gorogoro hii mpya ni nzima? Mapema mno kutoa hukumu. Lakini historia imetupa mkono wa kupapasia, nayo yatufundisha kuuliza mambo matatu. La kwanza: kipimo hiki kimewekwa ili kuona mtoto anajua nini, au ili kupata wa kuachwa nje? La pili: mwalimu amepewa muda na vitabu vya kukielewa, au ameamriwa tu, kama ilivyokuwa siku za Hesabu Mpya? La tatu: hesabu hii ina mahindi ndani yake, yaani mtoto aweza kusema kwa lugha aijuayo kwa nini jibu lake ni kweli? Mtaala ujibuo vema maswali hayo utafaa, hata ukiwa na jina la kale. Usioyajibu utakuwa mkebe uliobonyezwa, hata ung'arishwe namna gani.

Msomaji, wewe umekwisha kupita shule ya msingi, na yaelekea umepimwa kwa moja ya vipimo hivi. Kama ulipata alama nyingi, usijivune mpaka uweze kumweleza mdogo wako sababu ya nusu na thuluthi kuwa sehemu 5 kwa 6. Kama ulipata chache, usijihukumu kabla hujakichunguza kipimo chenyewe. Maana wako waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya inchi 63,360. Kesho baadhi yenu mtakuwa walimu, wengine watunga mitaala, wengine wajumbe wa Bunge, na wote, Mungu akipenda, mtakuwa wazazi. Kiwango kipya kitakapoletwa mbele yenu, na bila shaka kitaletwa, msikikatae kwa sababu ni kipya wala msikipokee kwa sababu kinang'aa. Mkumbukeni yule mama wa Rodi Kopany: kwanza kitako, fedha baadaye.